Makovu Sita ya Javan Okech

Ijumaa alasiri Javan Okech alipiga pasi shati lake jeupe mwenyewe, kwa pasi ya makaa, kwa sababu jua likizama ingekuwa Sabato na kupiga pasi kungekuwa kazi. Filister, mkewe, alikuwa ameshapika chakula cha kesho. Mwikwabe, Mkuria aliyeandikwa kuchunga ng'ombe, alikuwa anapasua kuni nje. Yeye hakuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo Jumamosi alifanya kazi kama siku nyingine.

Javan alivua fulana, akampa mkewe mgongo.

"Sikiliza tena, Mama Dolphine."

Filister akaweka sikio. "Hakuna kitu, Baba Dolphine. Nasikia tumbo tu, linadai samaki."

Mgongoni kwa Javan palikuwa na makovu sita. Aliyapata mwaka wa arobaini na nne, wakati wa vita, alipokataa kuchimba barabara ya serikali siku ya Sabato. Askari wa chifu alimlaza chini akamchapa kiboko mara sita. Vidonda vilipopona, makovu yakaanza kuimba. Yalianza kunong'ona Ijumaa alasiri, na kila Sabato asubuhi yaliimba: mawili sauti ya kwanza, mawili sauti ya pili, moja ya tatu, na lile la chini kabisa, karibu na mkanda, liliimba besi na kuchelewa kidogo. Kanisa lao la Lambwe halikununua kinanda. Wageni walipouliza sauti inatoka wapi waliambiwa, "Huo ni mgongo wa Javan," nao wakafungua vitabu vya nyimbo.

Uhuru ulipokuja, hakuna aliyemsumbua tena kwa kusali. Alipanda pamba ikakubali, akaezeka mabati, akanunua redio na godoro zuri. Makovu yakaanza kunyamaza, moja moja. La mwisho lilikuwa lile la besi. Lilinyamaza katikati ya ubeti, redio ikiongea, na Javan hakugundua mpaka jioni.

Sasa ilikuwa sitini na sita, na makambi, mkutano mkubwa wa kanisa wa kila mwaka, yalikuwa yamebaki wiki moja. Waumini wa Kisegi, Lambwe na Migori wangekusanyika Homa Bay, chini ya maturubai, na Javan angefungua ibada kwa mgongo wake kama kila mwaka.

"Nikivua shati pawe kimya, watajua," alimwambia mkewe.

"Watajua nini?"

"Kwamba ndani hamna kitu. Hata mimi sijui kama kipo. Zamani nilijua kipo, kwa sababu kuna mtu alikuwa anajaribu kukitoa."

Jumatatu alipanda basi mpaka Migori kumtafuta Ratemo, yule askari aliyemchapa. Ratemo alikuwa mzee sasa, anauza kuku sokoni. Walisalimiana kwa furaha, kwa sababu walikuwa wamejuana muda mrefu. Javan akampa sukari aliyomletea, akamweleza shida yake, akamwomba amchape tena, kidogo tu.

"Kwa kosa gani?" Ratemo akauliza.

"Kusali."

"Omera, ndugu yangu, kusali si kosa siku hizi. Serikali yenyewe inasali kwenye redio."

"Fanya kama ni kosa."

Ratemo alifikiri. "Wakati ule nilitumwa, halafu wewe ulikuwa unaniudhi. Sasa sijatumwa, na umeniletea sukari. Mkono hautapanda." Akamzunguka, akamtazama vizuri. "Na umenenepa. Hata sijui ningeanzia wapi."

Akampa jogoo. Javan akarudi Lambwe na jogoo.

Sabato ya makambi, watu mia nne walikaa kando ya ziwa, wamevaa nguo safi. Mchungaji Masese alimwita Javan mbele. Javan akavua shati, akageuka.

Kimya. Mtoto mmoja akapiga chafya. Susana, aliyeongoza sauti ya pili, alisema kwa upole, "Labda yamechoshwa na safari."

Ndipo wimbo ukaanza. Ulitoka nyuma ya turubai, penye mafiga. Kanisa lilikuwa limemwomba Javan awaazime Mwikwabe, ateke maji na kupasha chakula ili waumini wapumzike, naye Javan alikubali bila shida. Wimbo ulitoka viganjani mwa Mwikwabe, pale kamba na shoka vilipompasua. Sauti zote nne zilikuwapo, na besi ilikuwa inafika kwa wakati. Mwenyewe hakujua hata maneno yake. Mdomo wake ulikuwa unatafuna muwa.

Mia nne wakasimama. Waliimba, wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele mpaka ndege wa ziwani wakahama. Javan aliimba machozi yakimtoka. Hakuwa amefurahi hivyo kwa miaka mingi. Akaenda nyuma ya turubai, kifua wazi.

"Mwikwabe, huwa unaomba nini ukifanya kazi?"

"Siombi, mzee. Nashukuru tu mgongo haujakatika."

"Na huo wimbo ulianza lini?"

"Mwaka juzi. Jumamosi tu. Ng'ombe wameuzoea, wanatoa maziwa vizuri."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasikiliza redio."

Filister alikuwa amemfuata mumewe na shati mkononi. "Ile amri ya Sabato mnayosoma inamtaja na mgeni aliye langoni," alisema. "Kwamba naye apumzike."

Javan aliijua amri hiyo kwa moyo. "Njoo ukae ndani na sisi," akamwambia Mwikwabe.

"Nitakuja, mzee. Na maji ya watu mia nne atateka nani?"

Javan aliitazama ndoo. Akaitazama suruali yake safi ya Sabato. Ndani ya turubai hakuna aliyekuwa ametoka kuja kusaidia. Basi akajua kiasi cha imani yake: ilimfikisha pale penye ndoo, haikumvusha. Hakuhuzunika sana. Kujua kulikuwa nafuu kuliko kutojua. Akavaa shati.

Mchungaji Masese akaja, anacheka kwa furaha, akaomba mafiga yasogezwe karibu ili hata waliokaa mbali wasikie besi. Wanaume kumi walitamani kusaidia, lakini ilikuwa Sabato. Mwikwabe aliyahamisha mwenyewe, moja moja, yakiwa ya moto. Wimbo ukapanda, na Javan akaimba sauti ya tatu kwa moyo wake wote.