Kasi Mara Nane

Mombasa nzima, kuanzia Kibarani mpaka Ndia Kuu, hakuna anayeujua mtandao kunishinda mimi, Kingi. Sekondari nilimaliza, mengine nikafundishwa na simu yangu. Ndiyo maana dada yangu Kadzo alipoitwa kwenye usaili wa kazi ya kutafsiria wagonjwa wa ng'ambo kwa video, hakutafuta fundi. Aliniita mimi.

Usaili ulikuwa saa nne asubuhi, na ulikuwa na sharti moja la kutisha: laini isiwe chini ya kilobiti elfu mbili kwa sekunde. Ikipungua, mashine yao inakukatia yenyewe na nafasi inaenda kwa mwingine. Kwetu Majengo mtandao hutegemea jirani ameamkaje. Basi Bwana Haroon, ajenti wa kutoa mizigo bandarini ambaye Kadzo humpangia karatasi zake, akatuachia meza ofisini kwake, Mji wa Kale.

"Hapa kuna waya wa shaba, si mchezo," akasema, akiupigapiga ukutani. "E1! Zamani ulibeba simu thelathini kwa mpigo. Wenzangu wamehamia faiba, mimi sitaki."

"E1 ni kitu cha makumbusho, Bwana Haroon," nikasema kwa sauti ya daktari. "Afadhali ungefuga njiwa."

E1 yenyewe sikuijua. Nikafungua kompyuta, nikavuta faili kubwa kupima kasi, na pembeni ikatokea namba: 256.

Nikaikazia macho. Haikuona haya, ikabaki pale pale.

"Wanataka elfu mbili," nikatangaza. "Sisi tuna mia mbili na ushee."

Kadzo hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa polepole, akavua miwani. Kwa miezi alikuwa akijifunza majina ya viungo vya mwili mbele ya kioo, mpaka nyumbani sote tukaijua bandama kwa Kiingereza.

"Kingi, kama unatania, tania kesho."

"Sitanii, dada."

Aliyelipuka ni Haroon. "Kumbe miaka yote hii waniuzia hewa!" Akanyakua simu kuipigia kampuni ya laini. Nami, kwa kuwa mjuzi wa mtandao hawezi kusimama tu kama kabati, nikasema napanda juu ya paa kukaza waya.

Kule juu sikuwa na cha kukaza. Mamake Haroon, Bibi Hajrabai, alikuwa kwenye kiti chake kivulini, kichwa kimelalia bega, macho yamefumbwa. Nikajibanza upande wa pili, penye sinia la embe za achari zilizopakwa manjano na kuanikwa juani, mbali na uso wa dada yangu. Sauti ya Haroon ikapanda ngazi kunifuata:

"Mkataba wasema E1! Kilobiti elfu mbili na arubaini na nane! Mimi naona mia mbili hamsini na sita! Hata nusu haifiki!"

Nikaanza kuhesabu. Nusu yake, elfu moja na ishirini na nne. Robo, mia tano na kumi na mbili. Thumuni, mia mbili hamsini na sita. Thumuni kamili, bila hata chenji! Waya uliochoka haupungui kwa adabu namna hiyo.

Hapo ndipo akili iliporudi kutoka ilikokwenda. Laini huuzwa kwa biti. Kompyuta ile ilikuwa ikisoma kwa baiti, na kila baiti moja ni biti nane. Waya ulikuwa mzima tangu mwanzo. Kilichokatika kilikuwa kichwani mwangu.

Nikaketi kwa furaha. Nikakaa kidogo, maana kazi ya kukaza waya haiwezi kuisha upesi hivyo. Kisha nikashuka nikijifuta jasho ambalo sikuwa nalo. Kadzo alikuwa dirishani, ametupa mgongo. Nikafungua mipangilio ya kompyuta, nikabadilisha neno moja tu: kilobaiti ikawa kilobiti.

"Dada, hebu tazama."

2048.

Kadzo akaziba mdomo kwa mikono miwili. Haroon akaiacha simu katikati ya tusi. "Yakhe, umefanyaje?"

"Nimekaza. Mara nane."

Mashine ya usaili ikampokea Kadzo bila kinyongo. Tukasimama nje ya mlango kama watu wa hospitali, tukimsikia akipokea Kiingereza na kutoa Kiswahili: ini, figo, bandama. Alipotoka alikuwa akicheka na kulia pamoja.

"Wamenichukua! Naanza Jumatatu!"

Alinikumbatia hadi mbavu zikalia. Ule mzigo wote tuliokuwa tumebeba tangu asubuhi ukaanguka mahali fulani pale sakafuni, wala hakuna aliyeinama kuuokota. Haroon akaagiza biriani, akamwita jirani wa dirisha la pili aje amwone kijana aliyefufua waya. Nilikuwa katikati ya kuwaeleza namna ya kushika koleo Bibi Hajrabai aliposhuka ngazi, taratibu, sinia tupu mkononi.

"Huyu ndiye fundi?"

"Ndiye, mama! Amekaza waya huko juu."

"Waya uko upande wangu, mwanangu, na huko hakufika. Alikaa upande wa pili akihesabu vidole mpaka nane, akajipiga kofi la kichwa, akacheka peke yake." Akaligeuza lile sinia, wote walione. "Kisha akala embe zangu za achari, kipande kwa kipande, akidhani nimelala."

Kadzo akanigeukia polepole. Nikafungua mdomo nijitetee, kisha nikaufunga haraka: meno yalikuwa bado ya manjano.