Usaili wa Marehemu

Mtaani walimwita Benki hata kabla hajakanyaga ngazi ya benki yoyote. Mdogo wangu wa kiume alisomea jiografia, akaishia kupanga zamu za walinzi katika kampuni ya ulinzi, kisha siku moja akarudi nyumbani akatangaza kwamba anataka kuingia benki ya uwekezaji. Mama akamuuliza kama atakaa dirishani kuhesabia watu pesa.

"Siyo hiyo, Mama. Hii haina dirisha. Hii inazitafutia kampuni mitaji, inaziuza, inaziunganisha."

Mama akasema benki isiyo na dirisha ina mashaka, nami nikacheka mpaka nikapaliwa na chai.

Sikucheka sana baada ya hapo. Benki hizo zinataka mtu mwenye uzoefu, na uzoefu wenyewe unapatikana ndani ya benki hizo hizo. Sijui nani alikaa akafikiria utaratibu huo. Hata hivyo kulikuwa na moja iliyokuwa ikipokea watu kutoka kazi nyingine, mradi washinde usaili. Mdogo wangu Benki akakusanya maswali mtandaoni, akayachapisha, akayabana pini, akanikabidhi mimi.

"Dada, wewe mkali. Niulize kama vile hunipendi."

Kazi hiyo niliiweza. Mchana nilikuwa mkaguzi wa bima, nathamini magari yaliyogongwa, na wenye magari yaliyogongwa wana maneno mengi. Nimezoea kusikiliza uongo huku uso wangu hausemi kitu. Kila jioni tukishakula tulikaa mezani, mimi upande wa dirisha, yeye upande wa mlango, shati kalichomekea kama ndiyo siku yenyewe. Tueleze kuhusu wewe mwenyewe. Mashine ikichakaa, fedha za kampuni zinaguswaje? Naye kabla ya kujibu lazima akohoe kidogo, avute sikio la kushoto, aseme, "Swali zuri."

"Usiniambie swali ni zuri," nilimfokea. "Wewe si mwalimu wangu. Jibu."

"Hilo nalo ni swali zuri, dada."

Alikuwa ananiudhi makusudi, lakini alikuwa anaiva. Lile la mashine alinieleza mpaka likaniingia. Uchakavu unapunguza faida kwenye vitabu, faida ikipungua kodi nayo inapungua, na kwa kuwa uchakavu haulipwi kwa mtu yeyote, fedha zinazobaki mkononi zinaongezeka. Kitu kinazeeka, na kuzeeka kwake kunakuachia pesa. Niliipenda hesabu hiyo kuliko nilivyomwonyesha. Kwa kweli nilianza kuitamani kazi ile nikiwa bado upande wa anayeuliza.

Akafa. Sina namna ya kulisema taratibu. Alianza kuumwa kichwa, shingo ikakakamaa, hospitali wakasema ni homa ya uti wa mgongo, na wiki haikuisha. Mwaliko wake wa usaili ulikuja wageni wa msiba wakiwa bado wamekaa uani. Niliusoma kwenye simu yake, nikaizima, nikaenda kuosha vyombo. Nilikuwa na hasira naye. Mtu anahangaika mwaka mzima kubisha hodi, anakaribishwa, hayupo.

Wageni walipoondoka nyumba ikawa kubwa. Mama hakuwa na maneno zaidi ya ndiyo na hapana. Jioni moja nikaokota yale maswali nikayatupe, na badala ya kuyatupa nikakaa upande wa dirisha nikasoma la kwanza kwa sauti. Kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu. Nikangoja, kama nilivyozoea kungoja. Halafu nikasikia kikohozi kidogo, na mkono ukavuta sikio la kushoto, na mkono ulikuwa wangu.

"Swali zuri," nikasema.

Jibu likatoka lote, na vile alivyokuwa akiburuta mwisho wa sentensi, na pale alipopenda kupumua. Nikataka kunyamaza nikashindwa, kwa sababu mlango wa chumba cha Mama ulikuwa umefunguka, naye amesimama pale miguu mitupu, ameshika kitasa.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Tangu siku hiyo Mama ndiye aliyekuwa akifuta meza jioni. Mchana alijua vizuri kwamba mwanawe amekufa. Nguo za marehemu aligawa yeye mwenyewe, alikwenda kaburini na kurudi, aliwajibu majirani kwa akili zake timamu. Lakini jioni, nikishakaa, alivuta kigoda karibu na kiti cha mlangoni, akafumba macho, akasikiliza. Alianza tena kuongea. Akaanza hata kunitania kwamba nauliza kwa pua.

Mama mdogo alikuja kutuona, akayakuta mazoezi katikati. Hakukaa. Alinivuta mpaka jikoni.

"Hivi unajua unachofanya? Unampa mama yako kitu ambacho siku moja itabidi umnyang'anye. Utamnyang'anya vipi?"

"Najiandaa na intavyuu, mama mdogo. Nimeomba kazi."

"Nani ameomba?"

"Mimi."

Alichukua mkoba wake akaondoka. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli. Nilikuwa nimeomba kwa jina langu, kwa vyeti vyangu, na niliitaka kazi ile mpaka usingizi ulikuwa hauji. Nilikuwa nimechoka kuhesabu milango iliyobonyea. Niliona nina haki ya kuwa na hamu ya kitu changu.

Wakaniita. Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu ya kioo na baridi ya kiyoyozi. Upande wa pili alikaa mkuu wa kitengo, mama wa makamo aliyevaa miwani ya kamba, pamoja na kijana mmoja ambaye uso wake ulisema ameshawasikiliza watu wengi asubuhi ile.

"Tueleze kuhusu wewe mwenyewe," akasema mama wa miwani.

Nikanyamaza. Sikuwa nimesahau, jamani. Nilikuwa namngoja ajibu. Ilikuwa desturi yangu, nikisikia swali hilo, kunyamaza ili mtu mwingine aseme. Kijana akainua macho. Wenyewe nadhani waliona utulivu. Kisha kooni kukawasha, mkono ukapanda sikioni.

"Swali zuri," nikasema, na mama wa miwani akatabasamu.

Kuanzia hapo sikufanya kazi yoyote. Yalitoka moja baada ya jingine, la mashine, la bei ya kampuni, la deni na mtaji, nami nilikaa nyuma ya meno yangu nikiyasikiliza. Alikuwa hodari. Nilimwonea fahari mpaka nikataka kulia. Nikaona kijana ameacha kuegemea kiti, anaandika.

Mwishoni mama wa miwani akavua miwani yake. "Hayo ya vitabuni yatosha. Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Hapo nilijaribu. Mungu ni shahidi, nilijaribu kusema yangu, kwamba naipenda hesabu inayokuambia kitu kina thamani gani kikishaharibika. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini aliniwahi.

"Nilikuwa mdogo, naumwa, sikwenda shule," nikasema. "Nilikaa kwenye geti la kiwanda cha viatu alichofanyia kazi baba. Wakalifunga nikiwa pale pale. Viatu vilikuwa vinanunuliwa, mafundi walikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kukitafutia mtaji. Baba akatoka amebeba stuli yake. Akanipa niibebe, akanishika mkono tukarudi."

Mama wa miwani hakuandika kitu. Alisema tu, "Asante sana," kwa sauti ya chini. Na mimi siku lile geti lilipofungwa nilikuwa darasani. Stuli ile sikuibeba mimi.

Walinipigia simu kabla sijafika nyumbani. Nilisimama kando ya barabara, watu wakinipita, nikamsikia mama wa miwani akinipongeza na kunitajia siku ya kuanza. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nilitembea nikipanga jinsi ya kumwambia Mama, kwamba mazoezi yamekwisha, kwamba karatasi tutaziweka kabatini na jioni tutaongea mambo mengine kama watu.

Nilimkuta mezani. Alikuwa amekaa mahali pangu, upande wa dirisha, amevaa miwani yake ya kusomea, karatasi mkononi. Kiti cha mlangoni kilikuwa kimevutwa tayari.

"Mama, nimepata kazi."

"Nani?"

"Mimi, Mama. Mimi binti yako. Wamenichukua. Leo hatufanyi mazoezi."

"Hongera, mwanangu," akasema, na aliisema kwa furaha ya kweli, machozi yakimlengalenga. "Kila siku unauliza wewe. Leo kaa nikuulize mimi, mara moja tu. Kwanza nimsikie yeye, halafu nikusikie wewe."

Ningeweza kukataa. Nikakaa. Akasoma swali polepole, akifuata maneno kwa kidole, nikamjibu kama yeye, kutoka kikohozi mpaka nukta ya mwisho. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno. Alipoona nimemaliza alipangusa macho, akageuza karatasi akairudisha mwanzo.

"Haya. Sasa dada mtu. Tueleze kuhusu wewe mwenyewe."

Nikavuta pumzi. Nilitaka kuanza na jina langu. Nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi kidogo. Nikaanza upya, ikatoka swali zuri. Nikatafuta magari, ofisi, miaka yangu yote ya kabla ya meza ile, na kila nililoligusa lilitoka limeburutwa mwishoni, kwa sauti ile ile. Mama akainua mkono kunisimamisha, akanitazama kwa upole mwingi, upole ambao mimi sijawahi kutazamwa nao.

"Wewe umeshamaliza, baba," akaniambia. "Umejibu vizuri sana. Nenda kaniitie dada yako."

Nikainuka. Nikaenda mpaka kwenye mlango wa chumba changu, nikaita, "Dada!" na nikasimama pale nikingoja.