Sufuria ya Wanawake wa Oli

"Hawah, huko watoto wetu watakula kutoka mkono wa nani?"

Jirani yangu Sadiya aliniuliza hivyo siku nilipopanda lori kwenda Midia, kupika katika kambi ya vijana ya likizo iliyowekwa shuleni. Nilimjibu, "Mkono wangu." Akaridhika. Wanawake wengine wa Oli, mtaa wetu wa Arua, wakaridhika pia, wakaniazima sufuria yetu kubwa ya msikiti, ile ya maulidi na matanga, nikapike nayo.

Kundi la kwanza, watoto wa Koboko, lilipoondoka, mwili wangu ulikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Kundi la pili, watoto wetu wa Arua, lingefika kwa lori kesho yake. Nikaswali adhuhuri, nikatandika mkeka nyuma ya darasa tulilolalia sisi wapishi, nikatia miguu ndani ya karai la maji ya chumvi. Tangu nimzike mume wangu sikuwa nimekaa hivyo mchana, bila mtu kuniita.

Bunduki ikalia upande wa vichaka. Sikushtuka, miaka ile ya utawala wa jeshi bunduki zililia ovyo. Nikasinzia.

Aliyeniamsha ni Umaru, mkuu wa kambi. Mwislamu, kijana wetu wa Oli, viatu vinang'aa, rafiki zake wengi ni wa jeshini. Alishika bakuli linalofuka moshi.

"Mama, leo wewe ni mgeni. Kula mbuzi."

Nikamwombea dua. Kweli, mtu huyu nilimwombea dua! Nikanawa, nikasema Bismillahi, vidole vikaingia bakulini. Hapo Driciru, mpishi mwenzangu, akaja mbio kutoka jikoni, akalipiga bakuli likaanguka.

"Usikule, Mama Hawah! Ile si mbuzi. Iko nguruwe ya pori. Rafiki yake wamepiga na bunduki."

Umaru akacheka mpaka akashika tumbo. "Driciru, umeniharibia mzaha! Nilitaka kuona kama mzee atajua."

Nikatazama kile kipande mchangani. Ngozi nene, nywele fupi nyeusi bado zimesimama juu yake, mafuta yanaganda. Nikasugua vidole kwa mchanga mpaka vikachubuka. Halafu nikakumbuka kuuliza.

"Driciru, mmepikia wapi?"

Akainamisha kichwa. "Mimi ni mtu wa kanisa, nyama ile sina shida nayo. Nikamwambia twaa chungu yangu. Akasema iko ndogo, wageni wake ni wengi."

Nikaenda jikoni peku, miguu inadondosha maji. Sufuria ya msikiti ilikuwa juu ya mafiga, imejaa mpaka shingoni. Kichwa kilikuwa humo humo, jino limetokeza, povu la kijivu linapanda na kushuka puani. Wanaume watatu, rafiki zake wa jeshini, walikuwa wanachovya mikono, midomo yao inameremeta. Nikageukia ukuta, nikatapika.

"Mama, usikasirike," Umaru alisema nyuma yangu. "Sufuria haina dini. Osha, kesho upikie watoto maharage. Nani atajua?"

"Umaru, baba yako alipokufa, wali wa matanga yake uliiva ndani ya sufuria hii. Mimi niliukoroga. Wewe uliula huku unalia."

Akaangalia viatu vyake. Nikadhani aibu imemshika. Kumbe alikuwa anatafuta neno la kunitisha.

"Mama, wewe ni mjane. Siku hizi mtu anapotea kwa neno kidogo tu. Kesho watoto wakishuka, utasimama hapa na mwiko wako, utawachekea. Wazazi wanaamini sura yako. Umesikia?"

Nilisikia. Na hilo lilinitia kinyaa kuliko nguruwe. Nguruwe ni kiumbe wa Mungu, hakuomba kuletwa mle. Huyu alitaka uso wangu uwe kifuniko cha uchafu wake.

Sufuria huoshwa, mara saba, na udongo, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini neno nililompa Sadiya ningeliosha na nini?

Nikatwaa matambara, nikashika sikio moja la sufuria, nikaiinamisha. Mchuzi ukazima moto, nyama ikabingirika majivuni, wale wanaume wakaruka. Mmoja akanyoosha mkono kwenye bunduki. Mwenzake akamzuia: "Wacha, iko mama ya mutu."

"Unaenda wapi?" Umaru akapiga kelele.

"Barabarani. Nitangoja lori pale pale. Watoto na walimu wao watajua kilichopikwa humu kabla hawajashuka."

Lakini sufuria ile ni ya kubebwa na watu wawili. Niliiburuta peke yangu, ikachora sakafu, ikakwama mlangoni.

Umaru akacheka tena. "Driciru, mwache mzee huyo. Wewe unakula nguruwe, shida hii si yako. Washa moto."

Driciru akafungua kitambaa cha kupikia alichofunga kiunoni, akakitundika kwenye msumari. Akaja, akainama, akashika sikio la pili, akatoka nami.