Meno ya Mzee Kamugisha

Kokuberwa alipoingia kwenye maabara ya meno pale Chang'ombe asubuhi ile, Mwajabu alimkumbuka mara moja: ndiye binti aliyekuwa akimleta Mzee Kamugisha. Akaandaa udhuru wake wa kila siku.

"Mwambie mzee kesho yatakuwa tayari."

"Mzee amefariki jana jioni," Kokuberwa alisema. "Dada, nimefuata meno."

Mwajabu alimpa pole. Miaka kumi na tisa ya kutengeneza meno ya bandia ilikuwa imemfundisha kuwajibu wenye hasira, wenye maringo na wale wanaotaka meno meupe kama karatasi. Ombi hili lilikuwa jipya. Kwao Mbagala maiti huoshwa, husitiriwa, huzikwa, na hakuna anayewaza habari za meno. Lakini hawa wa Bukoba wangemuaga mzee wao nyumbani Kipawa saa nane mchana, jeneza wazi, watu wakipita kumtazama usoni, kisha safari ya kwenda kumzika.

"Tangu meno yake yang'olewe alikuwa anaongeaga kaziba mdomo kwa mkono," Kokuberwa alisema. "Kila siku ananiambia, Krismasi hii naenda Bukoba nikacheke. Sitaki ndugu zake wamwone na ule mdomo uliobonyea. Mhudumu wa mochwari kasema nikiyafikisha kabla ya saa sita na nusu atamvalisha."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Meno yenyewe yalikuwa bado ndani ya kalibu ya plasta, yamekwisha kupikwa yakawa magumu tangu wiki iliyopita. Mara tatu Mwajabu alikuwa ameyasogeza kando kuwapisha wateja wanaopiga simu na kufoka, kwa sababu Mzee Kamugisha, mwalimu mstaafu, kila alipokuja alisema, "Mimi sina haraka, mwanangu." Sasa Mwajabu aliona aibu, aibu hasa, ya kumchoma masikio.

Akavunja plasta taratibu. Yakatoka meno ya juu yote kumi na manne, ufizi wa plastiki ya akriliki umefubaa, kingo zimejaa mabaki makali. Akayasaga mabaki kwa kimashine cha mkono, akaja na msasa mkavu, kisha msasa laini wa maji. Kokuberwa alikaa kwenye stuli, akitazama saa kwenye simu.

"Dada, fanya ya mbele tu. Huko ndani nani ataona?"

"Hebu tulia."

Ilitoka kwa ukali kuliko alivyokusudia. Ukweli ni kwamba wazo hilo lilikuwa limempitia yeye kwanza. Upande wa kaakaa, unaoguswa na ulimi, ndio unaokula muda: ukiusugua kwa pupa unapata moto, plastiki inajikunja, na kazi yote imekwenda na maji. Tena ulimi ni mlalamishi kuliko jicho. Mkwaruzo usioonekana humkosesha mtu usingizi. Ulimi wa mzee usingelalamika tena.

Akawasha mashine ya kung'arishia. Akapaka unga wa kusugulia uliolowa, akayashika meno kwa vidole vyote, maana brashi ya mashine ikinasa ukingo huyarusha ukutani. Akaanza mbele, akaenda pembeni. Kisha akayageuza, akaingia kwenye kaakaa, kidogo kidogo, akilowesha kila mara. Upande unaokalia fizi hakuugusa. Huo haung'arishwi kamwe, ndio wenye alama za kinywa cha mwenyewe. Akamalizia kwa gurudumu la kitambaa. Akafumba macho, akapitisha kidole gumba kaakaani. Mahali pamoja palikwaruza. Akarudi kwenye mashine.

Kokuberwa aliirudisha simu mfukoni.

Saa tano na nusu Mwajabu aliyaosha kwa sabuni, akayatia kwenye kikopo chenye maji, kwani yakikauka hubadilika umbo. Huku akifunga kifuniko, mdomo wake ukaendelea wenyewe, kama ulivyozoea miaka yote:

"Siku mbili za mwanzo ale uji na vitu laini. Usiku ayavue, ayaweke kwenye maji. Yakimuumiza popote arudi, asiyakwangue mwenyewe."

Akasikia alichosema. Akashika ukingo wa meza.

Kokuberwa alikipokea kikopo kwa mikono miwili.

"Sawa, dada," alisema. "Nitamwambia."