Safu ya Bibi wa Kiti cha Pili

...na bado ile safu ya mwisho ilikuwa tupu, safu ya starehe ya abiria, jumla mpaka sasa nyekundu themanini na tatu, kijivu themanini na tatu, sawa kwa sawa kama vile pikapu zenyewe zimekula njama, na mhariri kwenye simu alikuwa anasema mzee, namba mbili tu, ukurasa mzima umekaa unakusubiri wewe, na mjaribu magari alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria cha ile ya kijivu, mlango wazi, mguu mmoja nje juu ya kokoto za machimbo, fomu gotini, kalamu mkononi, amechoka, amechoka mpaka kwenye kucha, wala si uchovu wa leo, leo ni asubuhi moja tu ya kupanda na kushuka vifusi, mbona zamani alikuwa anashinda humu tangu alfajiri na akirudi nyumbani bado ana hamu ya kusimulia... nyekundu, injini ya silinda sita, turbo mbili, nguvu za farasi mia nne na hamsini, nyepesi, inakata kona bila kujivuta, kijivu silinda nane, farasi mia saba, ukiikanyaga inakubandika kitini mpaka unasahau jina lako, shokapu zake nene kama paja, zinameza mashimo, ndivyo alivyoandika saa mbili zilizopita, zinameza mashimo, na mwezi uliopita aliandika hivyo hivyo kwa gari lingine, na mwaka juzi, mtu akisoma jarida lile tangu mwanzo angedhani hakuna shimo lililobaki duniani, yote yameshamezwa.

"Mzee, upo?" Nipo, alisema, napitia hesabu, na hakuwa anapitia chochote, hesabu zilishaisha, injini ni yake, breki ni zake, tope, mchanga, mwinuko, zote huzijaza yeye, ni hii moja tu ambayo kwa miaka kumi na tisa ilikuwa ya mke wake, kwa sababu alijitapa toleo la kwanza kabisa kwamba gari la dereva peke yake ni nusu gari, kwamba yeye ana hakimu wa pili nyumbani na hakimu huyo hahongwi, na wasomaji wakampenda kuliko walivyompenda yeye, wakambatiza Bibi wa Kiti cha Pili, wanamtumia salamu mpaka leo, na Bibi mwenyewe wiki ya sita hii amelala chali kwenye godoro gumu, pingili mbili za mgongo zimesagika, hata kuvaa viatu ni mpaka ashikwe mkono... na yule daktari, kalamu kama hii hii mkononi, akiuliza mama alikuwa anafanya kazi gani, kubeba mizigo? na mama akajibu, nilikuwa nakaa tu, daktari. Nilikuwa nakaa tu. Na yeye alicheka, Mungu amsamehe, alicheka pale pale mbele ya kitanda akidhani ni utani wao wa nyumbani, daktari hakucheka, aliandika.

Na leo asubuhi, yeye mlangoni na funguo zinaning'inia kidoleni, "Unaenda na ngapi, baba pacha?" Mbili, moja nyekundu, moja kijivu. "Unaipenda ipi?" Sijaziendesha, mama, nitajuaje? "Unaipenda kijivu, nimekuona jana ulivyoganda dirishani walipoileta, chai ikapoa. Basi ipe nane, hiyo nyingine saba, kama siku zote, yaishe." Kama siku zote... aliyasikia maneno hayo na akaenda zake, akawasha gari, akafika hapa, akajaza safu tisa, na maneno yamekaa tu kifuani yanamngoja, kama siku zote, kwa hiyo hata lile la bluu, hata lile refu lililomkosesha yeye usingizi kwa kulitamani, nane, na yale aliyoyadharau saba, saba, saba, hakimu gani huyo hahongwi, alikuwa anasoma uso wa mumewe na kuandika kilichokuwa usoni, na mumewe akichapisha kwa majigambo, mahakimu wawili, wasomaji, tumekubaliana tena!

Hakika alitaka tu namba ya halali, ndiyo maana, kabla simu haijalia, akamwambia mpiga picha aliyekuja naye weka kamera chini, endesha wewe, mimi nakaa huku, wala usinionee huruma, piga matuta kwa spidi themanini ile ile ninayopiga mimi, na kijana wa watu akafurahi, nani hafurahi akikabidhiwa farasi mia saba, akakanyaga, na tuta la kwanza likamkuta mjaribu magari akitazama pembeni, meno yakagongana, kiuno kikaitika mpaka kisogoni, akatafuta pa kushika, mpini uko mbali, dashibodi inateleza, tuta la pili likamkuta anatafuta, la tatu likamkuta bado, na hapo ndipo alipoelewa, mtu mzima na mvi zake, kitu ambacho mikono yake ilikuwa inakijua tangu ujana, kwamba dereva hapigwi na tuta, dereva analiona tuta kwa mikono yake kabla halijafika, anabana usukani, mgongo unajikaza wenyewe bila kuambiwa, anayepigwa ni yule wa pembeni asiyejua ni sasa au ni bado... na kufika la nne hakuwa anaitazama njia tena, alikuwa ameikazia macho mikono ya mpiga picha, vidole vikibana naye anajikaza, vikilegea naye anapumua, mpaka yule akacheka, "Mbona unanikodolea mikono hivyo, mzee?"

Mbona unanikodolea mikono. Lilikuwa swali lake. Lilikuwa swali lake mwenyewe, kwenye machimbo haya haya, miaka ile pacha walipoanza shule, mbona unanikodolea mikono, mama pacha, na yeye akatabasamu tu, akasema endesha, na mwezi ule akaliandika jaridani, mke wangu huitazama mikono yangu kuliko njia, wasomaji, mapenzi hayazeeki, barua zikamiminika gunia zima, alizisoma kwa sauti mezani, Bibi akisikiliza huku amejishika kiuno... kumbe, kumbe alikuwa anajiokoa, kila tuta, miaka kumi na tisa, halafu jioni anaandika nane ili wiki ijayo aitwe tena, kwa sababu wapi kwingine mume wake alikuwa anakaa naye siku nzima akiongea? Wapi? Mezani alikuwa anasoma barua. Si ajabu amechoka hivi, mtu akiuona mzigo baada ya kumbebesha mwenziwe muda wote huo. Ataenda nyumbani, hatasimama mlangoni, atakaa pale kitandani atake kujua ni tuta la gari gani lililoanza kumuumiza, na akijibu nilikuwa nakaa tu, hatacheka, atangoja mpaka aseme.

"Basi naweka kijivu nane, nyekundu saba," mhariri alikuwa anasema, "si ndivyo ulivyoniambia asubuhi kwamba Bibi amesema?"

"Usiweke kitu. Bibi hajasema."

"Lakini si ulimuuliza asubuhi?"

"Sijamuuliza," alisema, "sijawahi," na mpiga picha alikuwa anafuta vumbi kwenye kamera yake, pikapu mbili zimesimama pale pale themanini na tatu kwa themanini na tatu, na mjaribu magari akaiweka kalamu juu ya dashibodi, akabaki ameishika mikono yake miwili mapajani, hajui aipeleke wapi.