Sabina Aanza Kazi

Kila asubuhi Noela alimenya ndizi mlangoni kwao Mkuyuni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye sufuria. Ikilia, alifuta utomvu vidoleni, akamjibu mteja wa mashuka na kumalizia hivi: "Karibu tena mpenzi. Ni mimi, Sabina." Siku moja, hata hajamaliza kuandika, mwanamke alibisha hodi. Alisema yeye ndiye Sabina, amekuja kuanza kazi.

Noela alimtambua mara moja. Kicheko kilikuwa cha Noela mwenyewe. Ile subira ya kumweleza mtu yuleyule rangi zilezile bila kuchoka ilikuwa ya Hellen, mwenzake wa Kigongo, aliyejibu wateja zamu ya jioni kwa jina hilohilo. Dorotea, mama yake Noela, alimtazama mgeni juu hadi chini.

"Kumbe ni wewe unayemnyima mwanangu usingizi," alisema. "Kaa unywe uji."

Sabina alimwamkia shikamoo, akanywa, akaosha kikombe.

Jina hilo alilibuni Mutayoba, mwenye duka, ili wateja wadhani wanahudumiwa na mtu mmoja. Duka lenyewe lilikuwa ukurasa wa mtandaoni na chumba cha mashuka Buhongwa. Noela na Hellen hawakuwa na mkataba. Mutayoba aliwaita wafanyakazi huru: ukiugua, uhuru wako, ukijifungua, uhuru wako. Ili wasimkimbie, kila Jumatatu aliwatumia maneno ya kutia moyo. Kwa Noela aliahidi zaidi: ajira ya kudumu, bima, na kiti chake mwenyewe pale dukani. Ahadi ilitoka Pasaka ikaenda Sabasaba, ikatoka Sabasaba ikaenda Krismasi, kama mgonjwa anayezungushwa madirishani. Noela alijibu kila mara, "Asante bosi, nitazidi kujituma."

Alimpeleka Sabina Buhongwa. Mutayoba hakushangaa. Aliuliza tu kama ana mume, watoto, au ndugu wa kuuguza. Sabina alisema hana. Akapewa mkataba, bima na kile kiti. Kisha Mutayoba akamwomba Noela amwonyeshe mwenzake mashuka yalipo, maana Noela ana moyo mzuri.

Noela akamwonyesha.

Tangu hapo, kila Sabina alipocheka na wateja, Noela alifungua mdomo nyumbani na kicheko hakikutoka. Hellen naye alianza kuwafokea wanawe, yeye ambaye hakuwahi kuwapandishia sauti. Mutayoba aliweka picha ya Sabina mtandaoni, akaandika kwamba siri ya biashara ndogo ni kupata mtu mwenye ari na kumtunza. Watu wengi wakampongeza. Ndipo akamwita Noela aandike tangazo la kutafuta vijana wengine huru, wenye ari.

Noela alisimama mbele ya meza.

"Bosi, huyu ni mimi na Hellen."

"Najua," alisema Mutayoba bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Ndiyo maana kazi anaiweza."

Sabina alitabasamu kwa upole, akamsogezea karatasi na kalamu. Noela akavirudisha. Sauti ilitetemeka, lakini ilikuwa yake.

"Haikuwa ari, bosi. Ilikuwa hofu. Nilikuwa nakingoja hicho kiti, ukajua nakingoja, ukaniacha ningoje."