Hapa Hapaumi

…inauma, Athuman, ananiuliza daktari, vidole vyake viko chini ya taya langu la kushoto, vya baridi, vinanuka spiriti, nami nimekaa kwenye kiti kile kile ninachowakalishia wagonjwa, nimeelekea dirishani, nje gari moshi limepumzika relini, ndilo lililomleta leo huyu daktari mgeni kutoka pwani anayepumua nyuma ya kisogo changu, mgeni njoo mwenyeji apone, hivyo nilijiambia asubuhi nikimbebea sanduku, mjinga mimi… wanaongea Kijerumani juu ya kichwa changu, wanadhani najua lete maji na funga mlango tu, lakini miaka minne nimewatafsiria Wagogo humu ndani, Kigogo kwa Kiswahili, na Kijerumani kimeniingia chenyewe bila kualikwa, kama vumbi la Dodoma linavyoingia sandukuni, sikumwambia yeyote, ilikuwa raha yangu ndogo, na sasa huyu mgeni amesema ishirini na saba. Ishirini na saba niliandika mimi. Daktari aliponikata kinundu kimoja shingoni akakitia kwenye chupa ya spiriti, mimi mwenyewe, shingo imefungwa kitambaa, nilibandika karatasi, nikaandika namba, kwani majina hayaandikwi kwenye chupa, nikaipeleka garini kwa mikono yangu, na baada ya majuma sita nilipouliza akanishika bega, chupa imevunjika njiani, Athuman, pole sana… haikuvunjika. Ilifika pwani ikiwa nzima, anasema mgeni, waliikata nyama ile vipande vyembamba, wakaitazama kwa hadubini, zikaonekana zile chembe kubwa zenye viini viwili, kama macho ya bundi, hakuna shaka, ni ule ugonjwa wa tezi unaoua, nilikuandikia kabla ya Ramadhani. Kabla ya Ramadhani, na leo tuko Mfungo Tatu! Nilifunga mwezi mzima nikimwombea dua mtu huyu. Na jino langu je, gego zima la kutafunia nyama aliling'oa Mfungo Mosi, akasema huu ni mtoki wa jino, si kitu, utanywea, nami nikashukuru damu inanitoka mdomoni, maana ndivyo tulivyolelewa, mama yangu Batuli kule Kondoa alikuwa akisema mtoki hauji bila kidonda, tafuta kidonda, kwetu mwenye mtoki haulizwi anaugua nini, anaulizwa ameumia wapi, na jino lilipotoka uvimbe usinywee nilimkalisha mke wangu na sindano, Mwamvua, tafuta, akapekua nyayo zangu mpaka akaona kovu la mwiba wa zamani, nikamwambia chimba, akachimba, damu ikatoka, nikafurahi, ndiyo, nilifurahi, nikasema kidonda si hiki hapa! Mtoki wa shingoni, kidonda cha unyayoni, mtu mzima mimi niliyepapasa shingo zisizohesabika, nikajifanya sijui kwamba mguu unavimbisha kinena… inauma, Athuman, anarudia, ngoja, subiri kidogo… alinifundisha mwenyewe kwa vidole hivi hivi, tezi laini, inauma ukiigusa, inacheza chini ya kidole, imekuja na jeraha au koo au jino, majuma mawili matatu inanywea, mtu huyo arudi shambani kwake, lakini iliyokaza kama mpira, haiumi, haina jeraha, inaongezeka, wenzake wanaota kwapani, homa inakuja inaondoka, mwili unapungua, jasho linalowesha kitanda, huyo mwite pembeni, na hata huyo usimhukumu kwa kidole, Athuman, kata kipande, hadubini ndiyo hakimu. Nimeihifadhi kama Alhamdu. Na shuka langu nani analikamua kila asubuhi, si Mwamvua, na mkanda wangu nimeutoboa tundu la tatu, na kwinini nimemeza mpaka masikio yanalia, nilijua, vidole vyangu vilijua, ila nilisema yeye ni daktari na lingekuwepo baya angeniambia. Angeniambia! Kila Ijumaa nikitoka msikitini alinipima shingo kwa uzi, kisha akanimiminia chai kwa mkono wake, sukari vijiko vitatu, nikaenda kujigamba nyumbani, Bwana Daktari ananipenda, na Mwamvua akacheka, mtu anayekupima kila Ijumaa, baba Zaidi, anakupenda au anakunenepesha, nikamfokea mke wangu, nikamwambia wivu… sasa daftari limefunguliwa nyuma ya mgongo wangu, daktari anamsomea mgeni Ijumaa zangu, moja baada ya nyingine, hakuna iliyorukwa, na mgeni anauliza, hukumpa hata yale matone, yanapunguza uvimbe kwa muda, anajibu hapana, nilitaka kuona ugonjwa unavyokwenda wenyewe, na ukimwambia tu atakimbilia kwao Kondoa, nitabaki na daftari nusu. Daftari nusu. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa na kijiko cha sukari mkononi. Nakuchukia, bwana, nakuchukia na chai yako… lakini huko nje kwenye benchi kuna kikohozi, ni mzee Matonya, ametembea kutoka Bahi, siku mbili, asubuhi nilimpapasa kwapa, vinundu vitatu, vimekaza, haviumi, tangu mavuno, nikamwangalia usoni, akanisalimu tena mbukwa kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, nikasema si kitu, mzee, utanywea, akacheka kwa furaha akaniombea baraka, maneno yale yale, sauti ile ile, hata mkono niliuweka begani mwake kama nilivyowekewa, nani alinifundisha hivyo, najua nani, lakini mdomo ulikuwa wangu… inauma, Athuman, mara ya tatu, na majuma yote haya nilimjibu kidogo, bwana, inauma kidogo, nikiomba iume kweli, maana inayouma ndiyo njema… haiumi, nasema, na nimeisema kwa Kijerumani, kila neno mahali pake, nasubiri vidole vishtuke. Havishtuki. Vizuri, anasema, hakusikia lugha, amesikia jibu tu, anaandika, ananyosha mkono nimpe uzi, nami nampa, dirisha ni lile lile, gari moshi ni lile lile, akimaliza ataniambia niite anayefuata, nami nitatoka, nitaketi pale benchini kando ya Matonya, nitauchukua mkono wake niuweke shingoni kwangu, mzee, gusa hapa, hapa hapaumi, na kwako hapaumi, asubuhi nilikudanganya.